Jinsi ya kusoma utafiti wa presha ya macho kabla hujaamua leza, matone au kuingia kwenye majaribio

Mtu akiambiwa kliniki ana presha ya macho anarudi nyumbani na chupa ya matone mkononi na maelezo nusu nusu kichwani, na wiki haijaisha simu imejaa ushauri. Shemeji anasema siku hizi kuna leza unapigwa dakika chache unaachana na matone, jirani ana unga wa majani, kijana wa chuo katuma linki ya wanasayansi waliogundua vitamini ya kuzuia upofu, na wote wanasema "utafiti umeonyesha". Ukiuliza utafiti gani, ulifanywa kwa nani, walipima nini, hapo kimya. Mimi nampeleka mama mkubwa kliniki ya macho miaka sasa na nimejifunza kuzisoma hizi karatasi za utafiti taratibu bila kuwa daktari, na ninaamini kabisa mtu yeyote aliyepita sekondari akawa na subira kidogo anaweza, kwa sababu maswali ya kuuliza sio mengi na yanajirudia.

Ila kabla ya maswali lazima uelewe ugonjwa wenyewe unavyokwenda, maana ukikosea hapo utafiti wote utausoma vibaya. Jicho linatengeneza maji ndani yake muda wote, na yale maji yanatoka kupitia kama kichujio kidogo kilichopo pembeni ya ile duara yenye rangi. Yakitoka kwa shida presha ya ndani inapanda, inaumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kipimo cha kawaida ni kati ya 10 na 21 (ni milimita za zebaki), lakini hiyo namba sio ukuta, kuna watu wanaharibikiwa na presha yao iko 17 na kuna wengine wanatembea na 25 miaka bila mshipa kuguswa. Ugonjwa hauumi, hauwashi, unaanza kula pembeni mwa unachokiona huku katikati pakiwa safi, ndio maana mtu anaendelea kusoma meseji zake vizuri tu huku akianza kugonga fremu za milango. Na kilichopotea hakirudi, hapo ndio unapotofautiana na mtoto wa jicho ambao operesheni inamrudishia mtu uwezo wa kuona.

Kwa hiyo ni ugonjwa wa polepole, wa kimya, na usiorudi nyuma. Maana yake mgonjwa mwenyewe hawezi kuhisi kama dawa inafanya kazi au haifanyi, na ushuhuda wa "nimetumia miezi mitatu sasa naona vizuri" hauthibitishi kitu hata kama anayeusema ni mkweli kabisa. Kuna utafiti wa Uingereza uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2015 unaoonyesha hili vizuri sana. Walichukua wagonjwa wapya 516 kwenye hospitali 10, nusu wakapewa matone ya latanoprosti na nusu wakapewa matone yanayofanana kabisa ila hayana dawa ndani, alafu wakafuatiliwa kwa miezi 24 kwa kupimwa upana wa kuona. Waliozidi kuharibika upande wa dawa walikuwa asilimia 15.2, upande wa chupa isiyo na dawa asilimia 25.6. Dawa imesaidia, hilo halina ubishi, katika kila watu 100 kama kumi hivi wameokolewa na kuharibika zaidi ndani ya miaka miwili tu. Lakini soma tena kwa upande wa pili, waliowekewa matone matupu karibu robo tatu yao hawakuonekana kuharibika zaidi kwa muda huo! Yani mtu akiwauzia wagonjwa wapya wanne unga wowote ule, watatu wanaweza kurudi baada ya mwaka kumshukuru, na yule wa nne hatarudi kusema.

Ndio maana kila utafiti wa maana una kundi la kulinganishia. Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, na nitatumia utafiti mmoja wa hapa kwetu mwanzo mpaka mwisho ili uone maswali yanavyofanya kazi.

Tafuta karatasi yenyewe, usiishie kwenye habari yake

Habari ya gazeti au video inakupa sentensi moja iliyonenepeshwa. Ingia PubMed, tovuti ya kutafutia tafiti za afya, ni bure, andika neno glaucoma, ndio jina la ugonjwa huu kwa Kiingereza, ongeza jina la dawa au tiba uliyoambiwa na jina la nchi kama unataka ya hapa. Ukiandika pamoja na laser na Tanzania utakutana na utafiti uliofanywa hospitali ya KCMC Moshi, ukatoka Lancet Global Health mwaka 2021, mwandishi wa kwanza ni Heiko Philippin, na jarida hilo linasomeka bure lote huhitaji kulipa. Anza na muhtasari wa mwanzo, alafu ruka moja kwa moja mpaka kwenye ule mchoro wa visanduku unaoonyesha watu wangapi walichunguzwa, wangapi wakaingia, wangapi wakapotea njiani. Wengi wanauruka huo mchoro wakati ndio sehemu yenye ukweli mwingi kuliko zote. Kiingereza kikikushinda bandika kwenye programu ya kutafsiri, namba hazibadiliki.

Walilinganisha nini na nini

Moshi walilinganisha leza na matone ya timololi ya asilimia 0.5 yanayowekwa mara mbili kwa siku. Hiyo leza unawekewa tone la ganzi, unakaa kwenye mashine kama ile ya kawaida ya kupimia macho, daktari anakuwekea kioo kidogo juu ya jicho na kupiga vimwanga vifupi kwenye kile kichujio ili maji yatoke vizuri zaidi. Haikatwi kitu, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nani apate leza na nani matone iliamuliwa kwa bahati nasibu, na hili ni la lazima, kwa sababu daktari akiachiwa achague mwenyewe anaweza kuwapa leza wale wenye nafuu na matokeo yakapendeza bure.

Sasa angalia hapa, walishindanisha leza na timololi, hawakushindanisha na matone yote duniani. Timololi ni ya bei nafuu na inapatikana, ndio wagonjwa wengi wanayopewa, kwa hiyo kuichagua ni sahihi kabisa kwa mazingira yetu. Lakini latanoprosti kwa kawaida inashusha presha zaidi ya timololi, kwa hiyo mtu anayetumia latanoprosti vizuri na presha yake imetulia asisome matokeo ya Moshi akadhani yanamwambia aache dawa yake.

Walihesabu nini kama mafanikio, na kwa muda gani

Hapa ndio watu wengi wanapigwa chenga. Kwenye utafiti wa Moshi mafanikio maana yake ni presha kushuka mpaka kwenye lengo lililowekwa kulingana na ugonjwa wa jicho husika ulivyokomaa, na walihesabu baada ya mwaka mmoja. Upande wa leza macho 99 kati ya 163 yalifikia lengo, asilimia 61. Upande wa timololi macho 55 kati ya 176, asilimia 31. Tofauti kubwa, karibu mara mbili, na madhara hayakuzidi upande wa leza.

Lakini presha ni njia tu, mgonjwa anachotaka ni kubaki anaona. Tunajua kutoka tafiti nyingine kwamba kushusha presha kunalinda macho, ule wa Uingereza ni mmojawapo, na kuna ule mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 wenye watu 1636 waliokuwa na presha juu ila mshipa bado mzima, waliopewa matone asilimia 4.4 ndio walipata ugonjwa ndani ya miaka mitano, wasiopewa asilimia 9.5. Kwa hiyo presha ni kipimo cha kuaminika, sio cha kubuni. Ila kila ukisoma utafiti jiulize, walipima kitu kinachomgusa mgonjwa moja kwa moja au walipima kitu kinachoelekea huko? Utafiti wa kuona wenyewe unachukua miaka na watu wengi, kwa sababu kipimo chake ni kigumu. Kama hujawahi kumsindikiza mtu, anaweka kidevu kwenye kishikizo, jicho moja limezibwa, anakodolea nukta ya katikati bila kuhamisha jicho, vimwanga vidogo vinawaka huku na huku vingine hafifu kabisa na yeye anabonyeza kitufe kila akiona. Mzee aliyechoka na safari anasinzia katikati, mara ya kwanza karibu kila mtu anafanya vibaya kwa sababu hajazoea, kwa hiyo kipimo kimoja kibaya sio ushahidi kuwa jicho limeharibika, wanarudia rudia ndio wanaamini. Mama mkubwa kipimo chake cha kwanza kilitutisha sana, cha pili kikaja tofauti kabisa.

Na usisahau kusoma upande wa walioshindwa. Leza ilifeli kwa macho 39 katika kila 100, na hata katika yale yaliyofanikiwa theluthi ilibidi yapigwe mara ya pili. Anayekuambia ukipigwa leza umemaliza hajausoma huu utafiti.

Nani aliingia, na je anafanana na wewe

Walichunguzwa watu 840, wakaingia 201 wenye macho 382. Wengine wote waliachwa kwa sababu mbalimbali, na sharti moja lilikuwa asiwe na historia ya pumu, kwa sababu timololi inaingia kwenye damu na inaweza kubana kifua cha mwenye pumu vibaya sana na kupunguza mapigo ya moyo pia. Hili nalisema kwa msisitizo hata nje ya utafiti, kama una pumu na umepewa matone sema mapema kabla ya kuweka hata tone moja, usingoje kuulizwa. Walihitajika pia wawe na presha zaidi ya 21 na wasiwe wamewahi kufanyiwa operesheni au leza ya ugonjwa huu.

Linganisha na utafiti wa Uingereza uliotoka Lancet mwaka 2019 wenye wagonjwa 718, wapya. Huko walioanza na leza asilimia 74.2 walikaa kwenye lengo bila tone lolote kwa miaka mitatu. Ukiziweka namba pamoja utadhani leza ya Uingereza ni bora, kumbe wagonjwa ndio tofauti, kule wanakamatwa mapema na waliokomaa sana hawakuingizwa, hapa kwetu wengi wanafika kliniki jicho moja limeshakwenda. Kwa hiyo ukitaka kujua yatakayomkuta mzee wa Same au Rombo, soma namba za Moshi kwanza.

Waliopotea njiani

Hii ndio hatua ninayoipenda na unaweza kuifanya na kalamu tu. Kila upande ulianza na macho 191. Mwisho wa mwaka upande wa leza yalihesabiwa 163, maana yake 28 hayamo, upande wa timololi 176, hayamo 15. Leza imepoteza mengi zaidi, sasa mtu makini atauliza, je kama wale 28 ndio waliofeli wakaona haya kurudi?

Fanya hivi, chukulia hali mbaya kuliko zote kwa leza. Sema yote 28 yalifeli, unabaki na 99 kati ya 191, karibu asilimia 52. Alafu sema yale 15 ya timololi yote yalifaulu, 55 jumlisha 15 ni 70 kati ya 191, karibu asilimia 37. Bado leza iko mbele. Hapo unaweza kutulia, matokeo hayategemei waliopotea. Kuna tafiti nyingine ukifanya hesabu hii ushindi unageuka kabisa, na hizo usizibebee uamuzi wa jicho la mtu.

Kitu kingine kidogo, wamehesabu macho, sio watu. Macho mawili ya mtu mmoja yanaenda pamoja mara nyingi, kwa hiyo macho 382 hayana uzito wa watu 382. Watafiti wazuri wanarekebisha hilo kwenye hesabu zao na wanaliandika, ukikuta utafiti unahesabu macho na hausemi chochote kuhusu hilo punguza imani kidogo.

Kwa nini matone yalifanya vibaya vile

Asilimia 31 inaumiza, na sio dawa peke yake ya kulaumiwa. Mgonjwa wa matone anatakiwa aweke kila siku maisha yake yote, dawa ya ugonjwa asiouhisi, chupa ikiisha katikati ya mwezi pesa hakuna, na wengi hawajawahi kuonyeshwa namna ya kuweka. Kwenye utafiti wenyewe katika yale macho 55 ya timololi yaliyofaulu, 16 yalihitaji mgonjwa kufundishwa upya namna ya kuweka matone. Yani kuna macho yaliyofika kwenye lengo baada ya mtu kukalishwa chini akaelekezwa tena! Kwa hiyo kabla hujahukumu dawa yako imeshindwa, nawa mikono, inua kichwa, vuta kope la chini mpaka itokee kama mfuko, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, funga jicho taratibu bila kukaza na bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isiteremke puani. Kama una dawa mbili subiri dakika tano katikati. Mwambie nesi akuangalie ukiweka mwenyewe, usimuelezee kwa mdomo.

Linki ya vitamini, na nyingine kama hiyo

Hii inatokana na kazi halisi, sio uongo. Mwaka 2017 watafiti wa Jackson Laboratory ya Marekani waliandika kwenye jarida la Science kwamba vitamini B3 iliwalinda panya wanaozaliwa na ugonjwa unaofanana na huu, na kwa dozi ya juu ulinzi ulikuwa wa kushangaza. Ni kazi nzuri, inafungua njia mpya kwa sababu inalinda mshipa wenyewe badala ya kushusha presha tu, na majaribio kwa binadamu yakaanza baada ya hapo. Lakini panya sio mama yako. Dozi zinazojaribiwa kwa watu ni kubwa mno kupita ya vidonge vya kawaida, na dozi kubwa hivyo inaweza kuumiza ini, kwa hiyo wanaojaribu wanapimwa damu. Ukiona habari ya tiba ya macho kitu cha kwanza tafuta ni nani alipewa, kama ni panya, sungura au seli kwenye kisahani, furahi kwa ajili ya sayansi na endelea na matone yako.

Ukiambiwa ujiunge na majaribio wewe mwenyewe

Usikimbie na usikubali papo hapo. Majaribio mazuri yanampa mgonjwa vipimo vya karibu na mtu wa kumpigia simu, na bila watu kukubali tusingekuwa na namba za Moshi hata moja, tungebaki kusoma za wazungu milele. Ila fomu ya ridhaa isomwe yote, nyumbani, na mtu wa familia unayemuamini. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi ambaye sio mfanyakazi wa utafiti, ndipo aweke dole gumba.

Mle ndani tafuta kibali cha maadili, Tanzania ni kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kama ni dawa mpya lazima TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wawe wameruhusu. Kenya upande wa dawa ni bodi ya famasia na sumu, pamoja na kamati ya maadili ya taasisi na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Angalia kama umesajiliwa kwenye rejista ya umma, ya Afrika inaitwa PACTR na unaweza kuifungua kwenye simu ukaona walichoahidi kupima kabla hawajaanza, na baadaye ukalinganisha na walichokuja kutangaza. Alafu uliza kwa mdomo na ujibiwe, nikipangiwa kundi la kulinganishia napata tiba gani, maana kwa ugonjwa usiorudi nyuma haifai mtu mwenye jicho lililokomaa kuachwa bila dawa yoyote kwa muda mrefu. Nikiumia nani anatibu na nani analipa. Utafiti ukiisha dawa inaendelea au ndio mwisho, na nauli inakuwaje. Nikitaka kutoka katikati tiba yangu ya kawaida inaendelea? Jibu la hilo la mwisho lazima liwe ndiyo, na likija na kigugumizi usisaini. Wewe nawe waambie dawa zote unazotumia, hasa matone ya mzio uliyonunua duka la dawa, kuna mengi yana steroidi na hizo zinapandisha presha ya macho kimya kimya.

Ukirudi kwa daktari wako

Beba namba, daktari wa macho anafurahi kuliko unavyodhani. Muulize presha yangu lengo lake ni ngapi na leo iko ngapi, mshipa umeharibika kiasi gani kila jicho, mimi nafanana na wale wa Moshi au kuna kitu kinanitofautisha, leza ipo hapa au napewa rufaa na bei yake ni shilingi ngapi ukilinganisha na matone ya mwaka mzima. Mpaka mtakapoamua matone yasisimame hata siku moja. Na mkikubaliana leza, usitoke chumbani bila tarehe ya kurudi kupimwa, kwa sababu nguvu yake inapungua na miaka na presha ikianza kupanda tena hutasikia chochote.